Mzizi Umefupika, Waya Bado Uko Mdomoni

Mdogo wangu uliyeniandikia saa nane za usiku, hebu futa machozi kwanza. Una miezi 9 na waya wa meno, daktari kakuonyesha eksirei, mizizi ya meno mawili ya mbele juu imefupika, na sasa unataka ung'olewe waya wote kesho asubuhi. Subiri.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo, na waya ukilisukuma, upande unaobanwa hujaa seli za kula mfupa ili lipate pa kupita. Mzizi una gamba linalostahimili kuliko mfupa, ila seli hizo huumega nao wakati mwingine, hasa nchani. Ndiyo ile ncha butu uliyoiona, kama penseli iliyoandikiwa sana. Haiumi, na bila picha usingejua.

Wengi wanaovaa waya hupoteza kidogo, aghalabu chini ya milimita 2, na jino linaendelea na kazi yake. Wanaopoteza zaidi ya milimita 4 ni kama 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa hiyo muulize daktari: umefupika milimita ngapi? Akikujibu "kidogo tu," muulize tena.

Halafu mwambie uliyomficha. Uliwahi kuanguka ukagonga meno hayo? Unatafuna kucha? (Mimi nilitafuna mpaka chuo, sikucheki.) Vyote viwili huongeza hatari. Na ule mtindo wa kumbembeleza akaze zaidi ili umalize kabla ya harusi ya dada yako, uache. Nguvu kubwa nayo inakula mizizi.

Mara nyingi daktari husitisha kuvuta kwa miezi 2 au 3, kisha huendelea taratibu, au hufupisha safari: meno yasinyooke kama rula, lakini yabaki. Waya ukitoka, kulika nako kwa kawaida husimama. Kilicholika hakirudi, na anayekuuzia unga wa kurefusha mzizi anakuibia. Fizi ndizo za kulinda sasa, maana jino lenye mzizi mfupi halina akiba ya kuchezea. Pitisha kiburashi chembamba chini ya waya kila usiku, hata ukiwa hoi.

Jumatatu ukienda, omba picha zote mbili zitumwe kwenye simu yako, ya kabla ya waya na hii ya sasa. Mwambie akuonyeshe kwa kidole mzizi ulikuwa unaishia wapi.