Majitaka ya Mjini na Moto wa Jikoni

Wengi wetu tuna jamaa zetu Temeke au Kinondoni. Aliyewatembelea wakati wa masika amelisikia neno hili: kutapisha choo. Shimo likijaa, wengine hungoja mvua kubwa, kisha hulitoboa ili uchafu uende na maji. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, kilianzia Kinondoni. Hayo tunayajua. Leo tutazame kisichoonekana kwa macho, yaani gesi inayotoka katika uchafu huo.

Kinyesi kikikaa majini mahali pasipo na hewa, vijidudu hukila na kutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii haina rangi wala harufu. (Ile harufu ya kukunja pua ni ya gesi nyingine.) Ikipanda angani huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi. Tukihesabu kwa miaka 100, kilo moja ya methani huzuia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ile itokayo kwenye moto.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina bomba la majitaka. Gari hunyonya shimo na kwenda kumwaga. Kwa miaka mingi magari hayo yamemwaga katika mabwawa ya Vingunguti. Katika mabwawa ya namna hiyo, la kwanza huchimbwa kina kirefu. Chini hakuna hewa, basi methani hutoka kwa wingi na kupotea bure.

Wenye ng'ombe wanaijua dawa yake. Tangu miaka ya 1980, CAMARTEC ya Arusha imefundisha ujenzi wa mitambo ya bayogesi. Samadi huingia katika kuba lililojengwa chini ya ardhi, gesi hukusanyika juu, na mpira huipeleka jikoni. Kinyesi cha binadamu nacho hutoa gesi ileile. Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, ulijengwa mtambo mdogo wa namna hii. Vijana walinyonya vyoo kwa pampu ya mkono, na tope likatiwa ndani ya kuba. Methani ikiungua hugeuka hewa ukaa na mvuke, na madhara yake hupungua sana. Lakini kuba likivuja, kazi yote imeharibika. Fundi aitwe siku hiyohiyo.

Wapo wanaosema hawatakula chakula cha moto huo. Jamani, kinyesi hakifiki kwenye sufuria! Shida yenyewe ni fedha. Gari ni ghali, tena halipiti vichochoroni, ndiyo maana watu hutapisha. Kwa hiyo sisi tunaona heri mitambo midogo mingi karibu na watu kuliko mmoja mkubwa ulio mbali.

MASWALI YA KUJADILI
1. Choo cha shimo kavu hutoa methani kidogo kuliko shimo lililojaa maji. Kwa nini?
2. Kijijini kwenu, shimo likijaa mnafanyaje? Nani hulipa?
3. Shule yenu ina wanafunzi wangapi? Je, vyoo vyake vingeweza kupikia uji?