Boti ya Saa Moja Haijui Foleni ya Mbagala

Mwaka juzi nilikosa boti ya Unguja huku naiona. Tiketi ilisema saa moja asubuhi. Saa moja kasoro robo nilikuwa bado nimening'inia mlangoni mwa daladala pale Mtoni kwa Azizi Ally, konda akinisukuma kwa kiwiko ili abiria mwingine apate pa kuweka mguu. Nilipofika getini nikihema, boti ilikuwa inageuza, nyuma imeacha povu jeupe. Mlinzi hakuwa na ubaya. Aliniambia tu, "Kaka, hii siyo daladala. Hairudi nyuma kufuata abiria."

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hutumia kama saa mbili. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi mjini, siku foleni ikikataa, saa mbili hizohizo zinaweza kuishia barabarani. Mtu wa Masaki hatalielewa hili upesi, lakini sisi wa Chamazi, Tandika, Tegeta na Bunju tunajua kwamba sehemu ngumu ya safari ya bahari iko nchi kavu. Ukiimaliza hiyo vizuri, baharini unabakiwa na kazi ndogo.

Nunua mapema, soma saa vizuri

Tiketi hununuliwa ofisini kwa kampuni ya boti, kwa wakala anayetambulika, au kwa simu. Ukiweza, nunua siku moja au mbili kabla. Karibu na Idi, Krismasi na shule zinapofungwa, nunua mapema zaidi, kwa sababu siku hizo nusu ya Dar ina ndugu Unguja.

Jihadhari na vishoka wanaokungoja nje ya geti. Atakuita "anko", atakupokea begi kabla hujamwomba, atakwambia tiketi zimeisha ila yeye anazo mbili za mwisho. Mpite, dirisha la tiketi liko hatua chache mbele. Kama umenunua kwa simu, hakikisha ujumbe wa tiketi umefika kabla hujaondoka nyumbani, na upige picha ya skrini. Getini si mahali pa kugundua kwamba bando limekwisha.

Kuna kosa lingine dogo linalowakosesha watu safari. Tiketi huandikwa saa za kizungu. 07:00 ni saa moja asubuhi, siyo saa saba mchana. 12:30 ni saa sita na nusu mchana, na 16:00 ni saa kumi jioni. Ukimkatia mama tiketi akiwa Mbande, usimtumie picha peke yake. Mpigie umtamkie saa kwa mdomo, naye arudie.

Jina lililo kwenye tiketi liwe lako

Wengi hukata tiketi kwa jina la aliyelipa. Shemeji kalipa, jina la shemeji, anayesafiri ni wewe. Mara nyingine utapita, mara nyingine utarudishwa, maana kitambulisho na tiketi vinatakiwa kusema jambo moja. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake, hasa ukitaka nauli ya mtoto.

Lakini sababu kubwa ya kuandika jina lako siyo mlinzi wa getini. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, moja ya maswali magumu lilikuwa hili: ndani walikuwemo watu wangapi, na ni akina nani? Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi, na orodha haikuwataja wote. Kuna familia ambazo hazikupata mwili, wala karatasi yenye jina la mtu wao. Tiketi yenye jina lako ndiyo inayowaambia watu, ikitokea la kutokea, kwamba ulikuwemo.

Kutoka mtaani hadi getini

Panga kufika bandarini saa moja kamili kabla ya boti kuondoka, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa boti ya saa moja asubuhi, uwe getini saa kumi na mbili. Anayetoka Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, au Bunju kwa Barabara ya Bagamoyo, aondoke nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Ndiyo, ni usiku. Lakini saa hiyo barabara ni nyeupe, na utamaliza kikombe cha chai bandarini wenzako wakiwa bado Mwenge.

Wa Kimara na Mbezi apande mwendokasi na ashuke Posta ya Zamani, ambako ni jirani na geti la boti. Wa Kigamboni asitegemee kivuko cha mwisho kinachomtosha. Apande cha kabla yake, maana foleni ya kivuko asubuhi ni safari kamili yenyewe.

Halafu kuna neno "feri". Ukimwambia bodaboda mgeni wa mjini "nipeleke feri", atakushusha soko la samaki, penye kivuko cha Kigamboni. Boti za Unguja haziondokei hapo. Zinaondokea Barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa la Azania Front na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mwambie "boti za Zanzibar". Nimewaona watu wakiburuta mabegi kutoka sokoni hadi huko wakikimbia, jasho na harufu ya samaki juu.

Mzigo

Gawa mzigo mara mbili. Mkubwa, ule wa kwenye shangazi kaja, utawekwa sehemu ya mizigo na hutauona mpaka mshuke. Mdogo ukae nawe: kitambulisho, tiketi, simu, fedha, dawa, maji, nguo ya mtoto ya kubadili.

Shangazi kaja zote zinafanana, za bluu, nyekundu na nyeupe, na kwenye boti moja zinaweza kuwepo sitini. Funga kipande cha kitenge kwenye mkono wa begi lako, na ndani uweke karatasi yenye jina na namba ya simu. Ukimpa mpagazi mzigo, kubalianeni bei kabla hajaunyanyua, na utembee naye bega kwa bega.

Usibebe petroli, mafuta ya taa wala mtungi wa gesi kwenye mizigo ya abiria. Acha mifuko ya plastiki nyumbani, maana ni marufuku pande zote mbili. Bara mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi.

Isome bahari kabla ya kuikata tiketi

Watu wa pwani walipanga safari kwa pepo, na pepo hazijaacha kazi kwa sababu tumepata boti za injini. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kushika nguvu Juni hadi Agosti. Wakati wa kusi, ukienda Unguja mara nyingi mawimbi yanakusukuma mgongoni. Ukirudi Dar unayapokea usoni, na hapo ndipo matumbo yanapochafuka. Ndiyo maana mtu hukusimulia kwamba alikwenda salama na kurudi hoi, ingawa boti ilikuwa ileile.

Siku mbili kabla, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutoa taarifa za upepo mkali na mawimbi makubwa, kwa Kiswahili, na huzitaja pwani kwa majina: Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Pemba. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua boti ya asubuhi, maana upepo wa mchana huwa na nguvu zaidi.

Boti ikizuiwa kuondoka, usigombane na mtu wa dirishani. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari kati ya Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Abiria walinung'unika, lakini walilala nchi kavu. Kwa hiyo usipange harusi, usaili au ndege kwa saa ileile unayotarajia kufika. Jipe siku nzima.

Ndani ya boti

Wengi hukimbilia siti ya mbele juu, kwenye mandhari nzuri. Kama tumbo lako ni dhaifu, hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu omo, mbele ya chombo, hupanda na kushuka zaidi ya sehemu nyingine. Kaa katikati ya chombo, chini, au kuelekea nyuma, ukitazama kule mnakokwenda.

Kutapika baharini hutokana na ubishi kati ya sikio na jicho. Sikio la ndani linahisi mwendo, jicho lililoganda kwenye simu linasema mmetulia, na ubongo ukishindwa kuamua, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Mara yangu ya kwanza nilikuwa naangalia video ya vichekesho. Hatujafika mbali, nikaanza kutokwa jasho baridi na mate yakajaa mdomoni. Mzee mmoja wa Kiunguja, kofia ya viua kichwani, akanigusa goti.

"Mwanangu, weka simu hiyo. Tizama kule, pale maji yanapokutana na mbingu."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka Malindi."

Malindi ndiyo bandari tunakoshukia Unguja. Nilicheka, lakini nikatazama. Mstari ule wa upeo hauyumbi, na baada ya dakika kumi tumbo langu likakubaliana na macho. Ukiweza kusimama nje sitahani penye hewa, simama, ila ushike kitu.

Asubuhi usipande na tumbo tupu, wala usipande na supu na chapati nne. Mkate mkavu, biskuti au ndizi moja inatosha. Tangawizi husaidia wengi. Kama unajijua, mwone mfamasia siku moja kabla. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari humezwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka, na ukisubiri mpaka uanze kutapika, nayo utaitapika. Nyingi huleta usingizi, na mjamzito au mwenye mtoto mdogo asimeze bila kuuliza. Wahudumu wana mifuko ya kutapikia. Omba mapema, hakuna aibu, na jirani yako atakushukuru.

Kiyoyozi ndani ni kikali. Beba mtandio, kanga au sweta, hasa kwa mtoto.

Dakika mbili za usalama

Ukishakaa, kabla ya kufungua chochote, fanya mambo matatu. Tafuta jaketi la kuokolea liko wapi. Hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa kutokea, kwa sababu gizani au kwenye moshi utahesabu kwa mikono. Kama una watoto, amueni nani atamshika nani. Jaketi likihitajika, funga mikanda yote, maana lisipofungwa maji hulipandisha hadi usoni. Mtoto avae la kitoto, kwani la mtu mzima atachomoka ndani yake. Sikiliza wahudumu, na usikimbilie upande mmoja na wenzako. Uzito wa watu nao hulaza chombo.

La mwisho linahitaji ujasiri. Ukiona chombo kimejaza hadi watu wamekaa njiani na mizigo imeziba milango, shuka. Kivuko cha MV Nyerere kilijengwa kubeba abiria 101. Kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walizidi 220. MV Skagit, iliyotoka hapahapa Dar, ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, katikati ya msimu wa kusi. Nauli iliyopotea utaitafuta tena Kariakoo. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na shirika la TASAC upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar, na abiria ana haki ya kulalamika kwao.

Kufika na kurudi

Bandari ya Malindi ina haraka zake. Subiri wimbi la kwanza la watu lipite, kisha shuka ukiwa na mkono mmoja mtupu wa kushikia ngazi. Kagua kipande cha kitenge kabla ya kuchukua begi. Vaa nguo za heshima tangu Dar, uepuke kubadili njiani.

Ukirudi na vitu vya biashara, weka risiti mfukoni, siyo chini ya begi. Ofisa wa forodha atauliza, na aliye na karatasi mkononi hupita akiwa wa kwanza.

Usiku wa kuamkia safari

Chaji simu. Weka kitambulisho na tiketi mahali pamoja. Tafuta bodaboda unayemjua, mpatane saa, na ulipe kidogo kabla ili asilale. Halafu mtumie mtu mmoja nyumbani ujumbe mfupi: jina la boti, saa ya kuondoka, na jina lililoandikwa kwenye tiketi.

Mama yangu, aliyeko Mbagala mpaka leo, ujumbe huo hajawahi kuujibu kwa maneno. Hutuma alama moja tu ya mikono iliyokunjuliwa kwa dua. Nikifika Malindi namwandikia, "Nimeshuka." Hapo ndipo anazima taa ya sebuleni, saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshawaka.