Usiifute Windows Ili Ujifunze Linux

Mwaka jana nilifuta maandalio yangu yote ya masomo. Nilikuwa nimetoka mazoezi ya kufundisha, tukapewa kazi ya programu ya kufanyia kwenye Linux. Nikajitia fundi, nikaigawa diski ya laptopu ili Linux ikae kando ya Windows. Nikabofya mahali pabaya. Na laptopu yenyewe ilikuwa ya kaka! Picha zake za harusi nazo zikaenda. Mpaka leo akinikuta nayo anauliza, "We, unafanya nini tena hapo?"

Kumbe sikuhitaji kugawa chochote. Windows 11, na Windows 10 iliyosasishwa, zina kitu kinaitwa WSL. Toleo lake la pili linaendesha kiini halisi cha Linux ndani ya kompyuta pepe ndogo, huku Windows ikiendelea na shughuli zake.

Kwanza, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU. Kama Virtualization haijaandikwa Enabled, iwashe kwenye BIOS. Halafu fungua PowerShell kama msimamizi, andika:

wsl --install

Itapakua Ubuntu, mamia ya megabaiti, kwa hiyo usimalizie bando lako hapo. Nenda kwenye Wai-Fai ya maktaba. Washa kompyuta upya. Ubuntu itakuomba jina na nywila. Ukiandika nywila hutaona kitu, hata nukta. Kibodi haijafa! Andika tu, ubonyeze Enter.

Mimi nilianza na hizi:

sudo apt update
sudo apt install gcc

Ya kwanza inasasisha orodha ya programu, ya pili inaleta kompaila ya lugha ya C. Nikaandika faili langu, kisha:

gcc kazi.c -o kazi
./kazi

Ikajibu. Kazi ile ile iliyonitoa jasho mwaka jana.

Sasa sikiliza vizuri. Ndani ya Ubuntu, folda ya /mnt/c ni diski C yako yenyewe, siyo kivuli chake. Ukifuta kitu humo kwa amri ya rm, kimefutika kwenye Windows pia, na hakipiti kwenye Recycle Bin. Fanyia mazoezi kwenye folda yako ya nyumbani ya Linux. Hata kasi yake ni nzuri zaidi. Na laptopu ikianza kuwa nzito, rudi PowerShell, andika wsl --shutdown, rami itaachiwa.

Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza akiruhusiwa kukosea. Ni kweli, ila apewe mahali ambapo kosa halimgharimu kaka yake. Juzi niliivuruga Ubuntu hadi ikagoma kabisa. Nikaandika wsl --unregister Ubuntu, amri inayofuta kila kilichomo ndani yake, nikaisakinisha upya. Maandalio yangu mapya yalikuwa palepale kwenye Windows.

Hata hivyo, siku hizi naweka nakala kwenye flashi. Zangu na za kaka.