Gari Lenye Hati ya Hasara: Linunuliwe au Liachwe?

Swali: Je, mkazi wa Marekani anunue gari la bei nafuu ambalo bima ililihesabu kuwa hasara kamili?

Jibu: Hati ya hasara, yaani hati ya umiliki inayotolewa na jimbo pale gharama ya kulitengeneza gari inapokaribia au kupita thamani yake, haipimi ukubwa wa ajali, kwa kuwa kiwango hutofautiana: Florida ni asilimia 80 ya thamani, ilhali Texas ni asilimia 100. Gari la zamani lenye mlango uliobonyea laweza kubeba hati ileile na gari jipya lililopinda chesisi, hivyo chanzo cha uharibifu kina uzito kuliko bei. Lililozama katika mafuriko, kama magari mengi ya Houston baada ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017, liachwe kabisa, kwa sababu kutu ya nyaya za umeme huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye na kuathiri hata breki na mifuko ya hewa. Lililogongwa laweza kufikiriwa iwapo limekwisha kukaguliwa na jimbo, fundi asiyehusiana na muuzaji amepima chesisi yake, na kampuni ya bima imekubali kwa maandishi kulikatia bima kubwa. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, mnunuzi asilipe.