Kidonda kimefunga nje, je, ndani?

MTOTO mdogo akifanyiwa upasuaji mkubwa, wazazi wengi hudhani kwamba kazi imekwisha siku wanaporuhusiwa kurudi nyumbani. Sivyo, mpenzi msomaji. Siku hiyo ndipo zamu yako inapoanza.

Hivi majuzi alinijia mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Mwanawe wa miezi 9 alikuwa amepasuliwa tumbo siku 12 zilizotangulia kwa sababu sehemu ya utumbo ilikuwa imejiingiza ndani ya nyingine, mfano wa mkono wa sweta unaovuliwa kwa haraka. Nyuzi zilikuwa zimetolewa na kovu lilikuwa safi. Lakini mtoto alianza kutapika maji ya kijani na tumbo likamfura. Majirani walisema ni meno. Mama alisubiri usiku mmoja. Heri hakungoja wa pili, kwani madaktari wa upasuaji walikuta utumbo umenaswa na makovu ya ndani. Walimwokoa.

Fundisho ni hili: ngozi hushikana kwa muda wa siku 7 hadi 10, lakini misuli ya tumbo huhitaji wiki 6 hivi ili ipate nguvu. Usidanganywe na kovu zuri.

Je, ufanye nini nyumbani?

Maumivu: Siku za kwanza mpe dawa kwa saa, usingoje alie. Mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 6 za parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Mpe kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Usimpe aspirini kamwe.

Kidonda: Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Kiwe safi na kikavu. Usimtumbukize mtoto ndani ya karai la maji hadi kipone. Usikipake majivu, mafuta ya taa wala unga wa kapsuli.

Chakula: Endelea kumnyonyesha. Aliyeanza kula mpe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wa wimbi, ndizi zilizopondwa, parachichi, yai. Protini ndiyo inayojenga kovu.

Kubebwa: Usimfunge mgongoni kwa leso mpaka daktari akuruhusu, kwa maana leso hulibana tumbo. Mbebe kifuani, ukimshika makalio na mgongo. Usimwinue kwa kumvuta kwapa. Anayetembea asipande miti wala kushindana mbio kwa wiki 6. Hili ni gumu kwa mama anayetegemea soko. Basi omba nyanya au shangazi akushikie mtoto kwa siku hizo.

Tabia: Mtoto aliyetoka hospitalini huweza kushtuka usingizini, kukung'ang'ania au kuanza tena kukojoa kitandani. Usimchape. Hofu hiyo hupungua kwa wiki chache.

Mrudishe hospitalini siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

• matapishi ya kijani, au kutapika kila anachokula;

• tumbo kufura na kuwa gumu, au kukosa choo na hewa;

• joto la digrii 38 au zaidi;

• kidonda chekundu, chenye usaha, harufu mbaya au kilichoachana;

• kulia kwa vipindi huku akikunja magoti, au choo chenye damu na kamasi. Hii huweza kuwa dalili kwamba utumbo umejiingiza tena, jambo ambalo hutokea mara chache.

Usingoje kliniki ya juma lijalo, wala siku ya soko ipite. Chukua kadi ya hospitali, usimlishe chochote njiani ikiwa anatapika, na mweleze daktari mara moja kwamba mtoto huyu alipasuliwa na ni siku ngapi zimepita. Sentensi hiyo moja huokoa muda, na muda ndio uhai wa utumbo.