Mwalimu wa Kaluga na Hesabu ya Roketi

Mwaka 1865 mwandishi Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya inayosimulia watu watatu waliorushwa kuelekea mwezini ndani ya kombora la mzinga. Miongoni mwa vijana waliovutwa na maandishi yake alikuwamo Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, aliyezaliwa mwaka 1857. Akiwa na umri wa miaka kama kumi aliugua homa kali, akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia. Alijisomea maktabani Moscow, akafaulu mtihani wa ualimu mwaka 1879, kisha akafundisha katika miji midogo ya Borovsk na Kaluga kwa miaka kama arobaini.

KASORO YA MZINGA

Ili kitu kirushwacho kiepukane na mvutano wa dunia, huhitaji kasi ya karibu kilometa 11 kwa sekunde. Mzinga wa Verne ulikuwa na urefu wa karibu mita 270. Kwa kutumia kanuni v² = 2as, tunapata mchapuko:

a = (11,000)² ÷ (2 × 270) = mita 224,000 hivi kwa sekunde kwa sekunde.

Huo ni takriban mara 23,000 ya mchapuko wa kitu kiangukacho. Abiria wa kilo 60 angekandamizwa sakafuni kana kwamba ana uzito wa tani 1,380. Asingetoka mzingani akiwa hai.

NJIA YA ROKETI

Roketi haiendi kwa pigo moja. Hufukuza gesi nyuma mfululizo, nayo husukumwa mbele, kama isemavyo kanuni ya tatu ya Newton. Mwaka 1903 Tsiolkovsky alichapisha mlinganyo unaohusisha kasi ya roketi, kasi ya gesi na tungamo la chombo. Alipendekeza pia haidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika. Tuchukue gesi itokayo kwa kilometa 4 kwa sekunde, tukiacha kando mvutano na upinzani wa hewa. Ili tani 1 ibaki mwishoni:

Kasi ya km 4 kwa sekunde: tani 2.7 mwanzoni
Kasi ya km 8 kwa sekunde: tani 7.4 mwanzoni
Kasi ya km 12 kwa sekunde: tani 20.1 mwanzoni

Mwanafunzi atambue kuwa kila kilometa 4 zaidi hulizidisha tungamo la mwanzo kwa 2.7. Ndiyo sababu mwaka 1929 Tsiolkovsky alieleza roketi zenye hatua, zinazotupa sehemu zilizokwisha mafuta.

WALIOPOKEA KIJITI

Mwaka 1923 kijana wa miaka 15 wa Odessa, Valentin Glushko, alimwandikia mwalimu huyo barua, naye akamjibu. Baadaye Glushko alibuni injini za roketi za Sergei Korolev zilizopeleka angani Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957 na Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961. Tsiolkovsky alifariki mwaka 1935, bila kurusha roketi hata moja.

MASWALI

1. Mzinga ungehitaji urefu gani ili mchapuko usizidi mita 49 kwa sekunde kwa sekunde? (Jibu: kilometa 1,235 hivi.)
2. Kwa gesi ile ile, tafuta tungamo la mwanzo kwa kasi ya kilometa 16 kwa sekunde.
3. Eleza kwa nini roketi huongeza kasi hata mahali pasipo hewa.