Ujasiri mbele ya Rafiki

Kumpinga adui si kazi ngumu sana, maana wenzako wote hukushangilia. Kazi ngumu ni kusimama katika mkutano wa watu mnaopigania haki pamoja, ukasema: haki hii tunayoidai haimfikii mama. Papo hapo utajibiwa, "Tushinde kwanza, mambo ya wanawake yatafuata."

Tutazame habari za ardhi. Mwaka 1991 Serikali iliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilishauri jambo kubwa, kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano wa kijiji wenyewe. Watetezi wa wakulima na wafugaji walilishika neno hilo kwa nguvu, na walikuwa na sababu njema, kwani watu wengi walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi kwa amri za wakubwa.

Lakini wanawake waliuliza: katika mkutano huo wa kijiji, nani husikilizwa? Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume. Ardhi ya ukoo aliweza kuitumia maisha yake tu, wala hakuruhusiwa kuiuza, maadamu wanaume wa ukoo wapo. Ni kweli kwamba mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke aweza kuiuza sawa na mwanamume. Lakini hukumu moja haifiki kila kijiji. Mila zikiachwa zijirekebishe polepole, mjane atalima wapi wakati wa kungoja?

Basi mwaka 1997 vyama kadhaa vya wanawake, kikiwamo Chama cha Wanasheria Wanawake, viliungana kudai haki hiyo iandikwe katika sheria. Maana yake waliomba ulinzi wa dola ile ile ambayo wenzao waliiogopa. Ubishi ukawa kati ya marafiki, na ubishi wa namna hiyo huuma. Kwa maoni yetu hofu ya wale wengine haikuwa ya bure. Hata hivyo wanawake wangalinyamaza kwa ajili ya umoja, umoja huo ungalilipwa na wajane.

Hawakunyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Katika baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 3 kati ya 7 lazima wawe wanawake.

Sasa tuje kwetu Singida, ambako katika koo nyingi shamba lilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mjane analeta shauri la shamba lake la alizeti mbele ya baraza. Shemeji zake ndio wale wale waliosimama nawe jana kutetea mpaka wa kijiji dhidi ya wageni. Wale mama 3 wameketi kimya mwishoni mwa benchi, na mmoja wao ameolewa katika ukoo huo huo. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno.